Labda ya Mwenye Shahada

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, Siwema Kombo alivuka barabara na ndoo ya maji ya sabuni mkononi, akaingia katikati ya Kipilefti cha Shukrani, akavua viatu, akapanda ngazi ya mbao na kumfuta kinyesi cha kunguru Mtoto wa Mlingoti. Alianza mabegani, akashuka mgongoni, akamalizia nyayo. Usoni hakukuwa na kazi kubwa kwa sababu uso haukuwepo.

Mtoto wa Mlingoti alikuwa sanamu ya saruji iliyokumbatia mlingoti wa chuma, mguu mmoja juu, mmoja chini, na amekwama hapo katikati ya safari tangu nchi ilipopata uhuru. Palipotakiwa kuwa na uso palikuwa laini kama yai. Serikali ya wakati ule iliona ni busara kila raia aweze kumdhania mtoto huyo kuwa ni wa kwao. Nchi yenyewe haitatajwa jina hapa. Hakuna woga wowote katika hilo. Ni kwamba wiki hii jina lake limepelekwa kwenye kamati na halijarudi.

Kisa chake kila mtu alikijua. Siku ya uhuru bendera mpya ilipandishwa, ikafika katikati ya mlingoti, ikanasa. Kamba iligoma. Bendi ikaurudia wimbo wa taifa mpaka mpiga tarumbeta akaanza kuona nyota. Wakoloni waliokwishaaga wakaanza kutazamana kama watu wanaofikiria kubaki. Ndipo mtoto mmoja alipotoka kwenye umati, akaparamia mlingoti mpaka juu, akainasua kamba, na nchi ikaendelea.

Siwema akishamaliza kufuta, alikaa kwenye mkeka wa Bi Kidawa, bibi msusi mwenye kijiwe chake kivulini mwa sanamu. Wakisha kusalimiana, bibi alimuuliza swali lake la kila siku.

"Bado nimo?"

"Umo, bibi."

"Haya. Inamisha kichwa."

Maana aliyeupanda mlingoti ule ni Bi Kidawa. Siwema ndiye aliyemgundua, alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni akisomea historia, na hakumgundua kwa ujanja wowote: alikwenda kusuka. Bibi alikuwa akisimulia huku anachambua nywele, na Siwema, ambaye hakuweza kumtazama mtu machoni bila kusahau alichotaka kusema, aliona raha kubwa kumsikiliza mtu akiwa amempa kisogo. Alirudi tena na tena hadi nywele zikaanza kukatika, akaandika tasnifu, naye bibi akaingia katika historia.

Masimulizi ya bibi hayakutulia. Siku nyingine mvua ilikuwa ikinyesha, siku nyingine jua lilikuwa linachoma utosi. Mara alisukumwa na kaka zake, mara alijitokea mwenyewe. Siwema aliyaandika yote, kwa maana mhadhiri wake, mtu mpole mwenye koti la viraka, alikuwa amewafundisha kuwa mwanahistoria hana pupa: "Andika labda. Andika huenda. Andika vyanzo vinatofautiana. Usimwage ndiyo kama maji." Siwema alilipenda somo hilo kuliko yote. Alikuwa amezaliwa na labda mdomoni, na sasa alikuwa ameikuta inatolewa shahada.

Jambo moja tu katika kisa cha bibi halikubadilika hata siku moja. Alipanda mlingoti ule akiwa amevaa kaptula ya kaka yake, aliyoichukua kambani bila ruhusa, na jioni ile mama yake alimcharaza bakora kwa kupanda na kaptula mbele za watu. "Nchi ilipata uhuru," bibi alikuwa akisema, "mimi nikapata viboko." Kisha anacheka mpaka chanuo linamdondoka.

Asubuhi ya kisa hiki alikuwa anamsuka Siwema mtindo wa twende kilioni. Upande wa kulia mistari ilikuwa imelala vizuri, inang'aa mafuta. Upande wa kushoto ulikuwa bado umechambuliwa tu, umesimama kama moshi. Ghafla gari la Wizara likapanda juu ya kipilefti chenyewe, likasimama kwenye maua.

"Mtaalamu wa historia ni nani hapa?" aliuliza dereva.

Bi Kidawa, chanuo mdomoni, alimnyooshea Siwema kidole kwa fahari.

"Unatakiwa Wizarani. Sasa hivi."

"Mwacheni nimalizie kichwa!"

"Bibi, jubilei haisubiri kichwa," dereva alisema, na Siwema akaingia garini akiwa amesukwa nusu.

*

Wizara ya Yaliyopita na Maandalizi Yake ilikuwa kwenye jengo la ghorofa lenye lifti iliyokuwa ikienda juu tu. Katika chumba cha mkutano wajumbe walikaa kwa vyeo, na mwisho wa meza alikaa Waziri Bukheti, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza.

"Huyu ndiye mtaalamu?" Waziri aliuliza, macho kwenye nywele za Siwema. "Mbona ameletwa nusu?"

"Tumemchukua kwa dharura, Mheshimiwa."

"Na nusu inayofikiri ni ipi?"

Wajumbe walicheka kwa kufuata vyeo, aliye karibu na Waziri kwanza, mpaka kicheko kikamfikia mhudumu wa chai naye akacheka. Siwema alitamani sakafu immeze.

"Ndugu wajumbe," Waziri alianza, "tunaelekea jubilei. Sanamu ya taifa haina uso. Wageni wanauliza. Wafadhili wanauliza. Mimi mwenyewe nikinyoa ndevu najiuliza. Basi uchunguzi wa kina umefanyika tangu jana jioni, na umebaini bila chembe ya shaka kuwa mtoto aliyepanda mlingoti ule ni Baba wa Sasa."

Baba wa Sasa ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Viongozi wote waliomtangulia walikuwa wamekusanywa pamoja kisheria na kuitwa Wengineo.

Makofi yalipotulia, mjumbe mmoja mzee alikohoa. "Naomba kuuliza kwa nia njema, Mheshimiwa. Siku ya uhuru, Baba wa Sasa si alikuwa bado ananyonya?"

"Alikuwa ananyonya," Waziri alikubali. "Hajaota jino. Sasa wewe niambie, mtu mzima akipanda mlingoti kuna ajabu gani? Ushujaa wenyewe ndio huo."

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Nilikuwa nataka tu nishangae vizuri."

"Shangaa. Muda upo. Ila mambo haya lazima yaende kitaalamu, ndiyo maana tuna vyuo." Waziri akamgeukia Siwema. "Binti. Wewe umesoma. Kihistoria, inawezekana?"

Siwema alisimama. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa zima kichwani, katika nusu zote mbili. Alitaka kusema, "Labda tumuulize aliyepanda mwenyewe, yuko hai, anasuka nywele pale kipilefti." Ilikuwa sentensi nzuri, yenye adabu, na aliijenga hivyo kwa kuwa hakuweza kuanza mbele ya wakubwa na neno lolote lenye makali.

"Labda..." alisema, akavuta pumzi.

Pumzi ile ilitosha.

"Labda!" Waziri alipiga meza. "Katibu, andika. Mtaalamu amesema labda."

Katibu aliinuka, akafungua kitabu cha kanuni. "Kwa mujibu wa Kanuni ya Unyenyekevu wa Wasomi, kwa kuwa msomi ni mtu wa haya na hapendi kujikweza, labda ya mwenye shahada ya kwanza itahesabiwa kuwa ndiyo. Labda ya mwenye uzamili itahesabiwa kuwa ndiyo kabisa. Labda ya profesa ni amri."

"Umetusaidia sana, binti," Waziri alisema kwa upole wa kweli. "Mpeni soda."

Siwema alikuwa bado amesimama na sentensi yake mkononi, kama mtu aliyebeba sahani kwenye karamu iliyokwisha. Alingoja pengo katika mazungumzo. Pengo lilikuja. Lilikuwa pengo pana kabisa, Waziri akikoroga chai, na Siwema alilitazama likipita. Kisha soda ikaletwa. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote, usiku na mchana: soda ile aliinywa yote, ilikuwa baridi, na ilikuwa tamu.

*

Siwema hakurudi kumalizia kichwa. Alifunga kilemba.

Kufuta sanamu alienda mapema kuliko kawaida, kabla bibi hajatandika mkeka. Aliposikia kwa mbali kikohozi chake alishuka ngazi haraka, akaondoka maji yakimmwagikia viatuni. Wizara nayo, kwa kuithamini labda yake, ilimpandisha kutoka Afisa Historia Msaidizi (Kipilefti) hadi Afisa Historia Kamili (Kipilefti), akapewa meza, na feni iliyomwelekea yeye peke yake. Akikaa mbele ya feni ile, kilemba kilipepea, naye alikishika kwa mikono miwili kama mtu mwenye maumivu ya kichwa.

Nyumbani shangazi yake alifurahi mno. Huyu shangazi ndiye aliyelia Siwema alipochagua masomo. "Historia? Ya nini, na imeshapita?" alimwuliza wakati ule. "Mwenzio Zena anasomea uuguzi, watu wataugua kesho na keshokutwa. Sasa wewe, nani atahitaji jana?" Siku ile alipoona gari la Wizara linamrudisha mpwa wake mlangoni, alitoka na upande mmoja wa kanga akaiomba radhi historia nzima.

"Kumbe ina kazi!" alisema. "Na hicho kilemba kimekupendeza, umekuwa kama mke wa balozi."

Siwema alitabasamu, akaenda chumbani, akakaa kitandani akiutazama ukuta.

Aliyemtembelea kumpongeza alikuwa Machano, aliyesoma naye darasa moja. Wanahistoria wa mwaka wao walikuwa wametawanyika pazuri. Mmoja alikuwa katika Idara ya Majina ya Mitaa, ambako mitaa ilibadilishwa majina kwa kasi hata wakazi wakawa wanarudi nyumbani kwa kunusa. Mwingine alikuwa akitafutia mawaziri mababu. Machano alisoma wasifu wa wageni rasmi majukwaani. Angeweza kumchukua mtu aliyefeli darasa la saba, akamsoma mpaka mtu mwenyewe akatoa kitambaa na kujililia.

"Umetoka, Siwema!" alisema huku akijihudumia chai. "Wenzako wanaandika kurasa mia tatu hawasikiki. Wewe neno moja, feni!"

"Sikumaliza kusema, Machano."

"Nani anamaliza? Mimi wasifu wa mkuu wa mkoa sijaumaliza huu mwaka wa pili, kila nikikaribia anazaliwa mahali pengine." Akaipuliza chai. "Lakini bado kuna kazi moja. Yule bibi yako wa tasnifu. Lazima arudishe."

"Arudishe nini?"

"Kumbukumbu. Hujui utaratibu? Ukweli mpya hauzinduliwi mpaka mwenye ule wa zamani aurudishe mbele ya umma. Anapanda jukwaani, anasema nilikosea, anapewa kanga na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Heshima kabisa. Akikataa, basi, kijiwe kinaondolewa, na yeye anapelekwa kwenye Nyumba ya Mapumziko ya Kumbukumbu. Ni pazuri pia, nasikia. Wanapumzika mpaka hawajui wamechoka na nini."

"Nani atamwambia?"

Machano alimtazama kwa huruma. Alikuwa kijana mwema, ndiyo maana alipenda kuangalia pembeni. "Kanuni inasema aliyemkumbusha ndiye atakayemsahaulisha."

*

Bi Kidawa alimwona tangu upande wa pili wa barabara.

"Haa! Mtoro wangu! Shangazi yako amekuficha, au umepata mchumba asiyependa misuko?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Hicho kilemba cha nini?"

"Baridi."

"Jua hili?" Bibi akatazama mbinguni, akatazama kilemba. Alisogeza vitana vyake, akapapasa mkeka mbele ya magoti yake, mahali pa siku zote, na Siwema akakaa akimpa kisogo. Juu yao mafundi wa Wizara walikuwa wameshaifunika sanamu kwa turubai. Ndani ya turubai patasi ililia ko, ko, ko.

"Wanamtia uso," bibi alisema. "Wamekuja juzi. Nikawaambia, jamani, pua yangu si kubwa hivyo kama mnavyoiona, imekua baadaye. Wakacheka tu." Akachukua kitana. "Mwanangu, bado nimo?"

Magari yalizunguka kipilefti. Siwema aliyahesabu kwa macho ili asilie.

"Bibi, Wizarani wanasema... inaonekana... vyanzo vingine vinaonyesha kuwa labda hukupanda wewe."

"Labda sikupanda."

"Ndivyo wanavyosema."

"Wanasema wao, au unasema wewe?"

Patasi ilijibu badala ya Siwema.

"Na aliyepanda nani?"

"Baba wa Sasa."

"Yule? Si alikuwa mchanga?" Bibi alianza kucheka, akacheka peke yake kwa muda, kisha kicheko kikakosa mahali pa kwenda kikaisha. "Basi sawa. Mimi mwenyewe mambo yananichanganya. Ile mvua, kwa mfano. Ilinyesha au haikunyesha?"

"Uliniambia yote mawili, bibi. Niliyaandika yote mawili."

"Umeona? Labda hata mlingoti nimeuota." Aliongea kwa sauti ya mtu anayemtafutia mgeni kiti. "Sasa wanataka niseme nini?"

Siwema alimwambia: jukwaa, nilikosea, kanga, ndoo. Alimwambia na kijiwe pia, na Nyumba ya Mapumziko, na kila neno lilitoka likiwa dogo kuliko lililotangulia.

"Na nikikataa, kazi yako?"

"Sijui, bibi. Labda..."

"Usiseme. Nitasema wanavyotaka." Alimgusa begani, mkono ukinukia mafuta ya nazi. "Umehangaika kusoma wewe. Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili ya kaptula. Vua kilemba nikumalizie kichwa, unakwenda kwenye sherehe ya wakubwa."

"Hapana, bibi. Siku nyingine."

Lilikuwa hapana la kwanza Siwema kulitamka katika kisa chote hiki, na alilipeleka mahali pasipostahili. Aliondoka akijua bibi anamtazama kisogo, kile kisogo alichokijua kuliko mtu yeyote duniani.

*

Siku ya jubilei kipilefti kilifungwa kwa magari, kwa hiyo kila aliyekwenda popote alilazimika kuhudhuria. Baba wa Sasa hakuja mwenyewe. Alileta picha yake kubwa, ikakalishwa kiti cha mbele, ikawekewa maji ya chupa. Waziri Bukheti alikaa pembeni yake, akiinamia mara kwa mara kuinong'oneza.

Machano, akiwa na suti inayong'aa, alisoma wasifu. "Alizaliwa katika familia ya kawaida, iliyokuwa kubwa kuliko zote! Alianza kutembea kabla ya kukaa! Siku ya uhuru, akiwa mgongoni mwa mama yake, aliiona bendera imekwama, akasema, Mama, nishushe!"

"Nishushe!" umati uliitikia, kama walivyofundishwa.

Turubai likavutwa. Mchongaji hakuwa amepewa picha ya utotoni, kwa kuwa picha za utotoni bado zilikuwa zinatengenezwa, basi alikuwa ametumia ile ya ofisini. Juu ya mwili wa mtoto, pamoja na nyayo zake ndogo ambazo Siwema alizifuta kila asubuhi, palikuwa na uso wa mzee mwenye miwani, mvi na mashavu mawili mazito, unautazama mlingoti kana kwamba umeomba mkopo benki ukakataliwa. Mtoto mmoja katika umati akaanza kulia. Akatolewa.

"Na sasa," Machano alitangaza, "mama yetu mpendwa Bi Kidawa anarudisha kumbukumbu kwa hiari!"

Bi Kidawa alipanda jukwaani taratibu, amevaa gauni lake la Idi. Siwema alikaa nyuma ya Waziri, kwenye viti vya wataalamu, kilemba kimekazwa hadi masikio yanauma. Alipaswa kufanya jambo moja tu: bibi akimaliza, Waziri atamwuliza kama ndivyo ilivyo kihistoria, naye atasema lile neno lake. Wizara ilikuwa imelichapisha kabisa katika ratiba ya sherehe, baada ya dua: *Labda ya Mtaalamu*.

"Mimi Kidawa," bibi alisema, kipaza sauti kikimpigia kelele, "narudisha. Nilikosea. Sikupanda mlingoti. Nilikuwa nadhani nimepanda."

Makofi. Ndoo yenye kifuniko ikasogezwa.

"Na kaptula narudisha," aliendelea. "Sikuvaa kaptula ya kaka yangu. Na mvua narudisha, na jua narudisha, chagueni wenyewe." Akamtafuta Waziri kwa macho. "Ila, samahani baba, nauliza tu. Na viboko je?"

"Viboko gani, mama?"

"Nilivyochapwa jioni ile, kwa kupanda. Hivyo sijaweza kuvirudisha. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikisema sikuchapwa, mgongo unakataa. Sasa kama aliyepanda ni Baba wa Sasa, basi viboko ni vyake, mvichukue. Au mniambie mama yangu alinichapia nini."

Kicheko kilianzia kwa wauza maji, kikataka kuenea, kikaogopa. Jukwaani kila mtu aligeuka jiwe. Katibu alifungua kitabu cha kanuni, akapekua mbele, akapekua nyuma. Hapakuwa na kifungu cha viboko. Kusema Baba wa Sasa alichapwa bakora kwa kupanda na kaptula ulikuwa uhaini. Kusema hakuchapwa kulikuwa kubaya vilevile, kwa sababu basi aliyechapwa ndiye aliyepanda, naye ni Bi Kidawa. Waziri aliiangalia picha. Picha haikumsaidia.

Wakati wa mashaka serikali ile ilikuwa na desturi ya kukumbuka kwamba ina wasomi.

"Mtaalamu!" Waziri aliita, jasho likimtiririka. "Mtaalamu wetu atatufafanulia. Binti, haya mambo ya viboko... kihistoria... tusaidie." Na kwa mnong'ono uliotoka kwenye spika zote: "Sema chochote. Tutakitafsiri."

Siwema alisukumwa mpaka kwenye kipaza sauti. Alikuwa uso kwa uso na Bi Kidawa, jambo ambalo katika miaka yao yote ya urafiki lilikuwa halijatokea zaidi ya salamu. Aliona kwamba macho ya bibi yalikuwa ya hudhurungi. Aliona kwamba alikuwa ameogopa, na kwamba hata katika kuogopa kwake alikuwa akimtikisia Siwema kichwa taratibu, akimruhusu. Sema, mwanangu. Sema wanavyotaka, urudi kwenye feni yako.

Kisha, labda kwa mazoea, maana ilikuwa bado asubuhi na walikuwa mahali pale pale, midomo ya bibi ikatikisika. Kipaza sauti kililinasa swali lake na kulimwaga kipilefti kizima.

"Bado nimo?"

"La..." Siwema alianza, na katibu akainua kalamu, na Waziri akafumba macho kwa shukrani.

Lakini silabi ile ilimkaa Siwema kooni ikiwa na ladha ya soda. Akainua mikono akafungua kilemba, tabaka kwa tabaka, akakiacha kianguke. Watu waliona kichwa nusu kimesukwa, mistari imechakaa na kutoa manyoya, nusu imesimama kama moshi. Kuna aliyepiga mluzi. Machano, pembeni, alifunika uso kwa wasifu.

"Siku ile mlinikatiza," Siwema alimwambia Waziri, kwa sauti ndogo iliyotetemeka, nazo spika zikaikuza pamoja na tetemeko lake. "Nilitaka kusema labda tumuulize aliyepanda. Hata hivyo ningekuwa nimedanganya. Kuhusu mvua ndiyo nina labda. Kuhusu aliyepanda sikuwahi kuwa na labda hata moja. Niliogopa tu, nikanywa soda."

"Katibu," Waziri alisema kwa haraka, "hiyo inahesabiwa kuwa nini?"

Katibu alikuwa akipekua.

Siwema alishamgeukia bibi. Hakumpa kisogo.

"Aliyepanda ni wewe, Bi Kidawa," alisema. "Umo."